Masinde Muliro na swali la Kitale: mji ni wa nani?

Ndugu msomaji, kama hujapata kusafiri kutoka Bungoma kwenda Kitale, fanya hivyo siku moja. Panda matatu pale Kanduyi, upite Webuye, Misikhu na Kamukuywa, mpaka uone maghala ya mahindi ya Kitale. Njia nzima utaona mashamba yale yale na utasikia lugha zile zile. Akina mama wanaouza ndizi na mahindi ya kuchoma kando ya barabara ni wale wale. Mahali fulani kati ya Kamukuywa na Kiminini gari huvuka mpaka, na hakuna abiria hata mmoja anayegeuza kichwa kuutazama.

Lakini mpaka huo uliwahi kuwakosesha usingizi wakubwa wa nchi hii, huko Nairobi na hata London. Kwa karibu miaka hamsini upande wa huku uliitwa Magharibi na upande wa kule uliitwa Bonde la Ufa. Yuko mtu aliyezaliwa upande wa huku akazikwa upande wa kule, na katikati akatumia maisha yake kuuliza ni nani mwenye haki ya kutawala mahali watu wanapoishi. Mtu huyo ni hayati Henry Pius Masinde Muliro.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, na miaka mingi ya utu uzima wangu nimeishi Kitale. Sikupata kuonana na Muliro ana kwa ana. Nilimjua kama walivyomjua watu wengi wa kwetu, kwa redio, kwa magazeti na kwa mazungumzo ya wazee baada ya chakula cha jioni. Naandika habari zake leo kwa sababu naona vijana wamelijua jina lake kwa kuliona kwenye lango la chuo kikuu na la uwanja wa mpira, lakini hawajui alilolipigania. Tena wengi humchanganya na Elijah Masinde, yule mwanzilishi wa Dini ya Msambwa aliyehamishiwa Lamu na wakoloni na kufariki mwaka wa 1987. Wote wawili walikuwa watu wa Kimilili na wote waliwasumbua Waingereza, lakini ni watu wawili mbalimbali.

YATIMA WA MATILI

Muliro alizaliwa tarehe 30 Juni 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili. Baba na mama walifariki angali mdogo, akalelewa na ndugu yake mkubwa. Wale waliokua yatima wanajua maana yake. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba kula, kulala na kwenda shule ni mambo yanayoamuliwa na mtu mwingine.

Na wakati ule, si yatima peke yao walioamuliwa mambo. Nchi nzima ya Wabukusu ilikuwa hivyo. Mwaka wa 1895 Waingereza, wakisaidiwa na askari wa Wanga, waliwapiga Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Baada ya hapo hawakuwaachia wazee wa mahali waendeshe mambo yao. Waliwaleta machifu kutoka kwa Nabongo Mumia wa Wanga, na Murunga, ndugu yake Mumia, ndiye aliyepelekwa kutawala Kimilili. Basi Muliro alipofungua macho aliona chifu ambaye hakuchaguliwa na watu wa pale, anakusanya kodi ambayo watu wa pale hawakuulizwa, na fedha zinakwenda mahali ambapo watu wa pale hawakuwahi kufika.

Kulikuwa na baraza, ni kweli. Serikali ya kikoloni iliruhusu Mabaraza ya Wenyeji kwa sheria ya mwaka wa 1924, na la kwetu, la North Kavirondo, likaanza mwaka uliofuata. Baraza hilo liliweza kutoza kodi ndogo na kujenga shule au barabara. Lakini mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu, na neno lake ndilo lililofunga mjadala. Wazee walizoea kusema kwamba wao walikwenda kule kutoa shauri, na Disii alikwenda kutoa amri.

HALMASHAURI YA WENYE MASHAMBA

Sasa tuvuke mpaka twende Trans Nzoia, tuone mambo yalivyokuwa kule wakati huo huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu waliostaafu mashamba makubwa katika nchi hiyo yenye rutuba. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mji ukakua kwa haraka. Palikuwa na stesheni, benki, maduka ya Wahindi, maghala ya nafaka, na klabu ya walowezi.

Mwaka huo wa 1926 serikali iliunda tume ya kuchunguza utawala wa miji na wilaya, chini ya jaji Richard Feetham kutoka Afrika Kusini. Matokeo yake yalikuwa sheria za mwaka wa 1928, ambazo ziliwapa walowezi halmashauri zao za wilaya, Trans Nzoia ikiwa mojawapo, na zikaweka taratibu za mabaraza ya miji.

Jambo hilo halikuwa geni kwa Waingereza. Walikuwa wamekwisha kulijaribu Asia ya Kusini kabla ya kufika kwetu. Dhaka ilipata manispaa mwaka wa 1864 na Colombo ikapata baraza lake la mji mwaka wa 1865. Mwaka wa 1882 Lord Ripon, aliyekuwa mtawala mkuu wa India, alitangaza kwamba mabaraza ya namna hiyo yawe shule ya kuwafundisha wenyeji kujitawala. Lakini kule Asia na huku kwetu, mlango wa shule hiyo ulikuwa mwembamba. Aliyekuwa na sauti ni mwenye jengo au kiwanja na anayelipa kodi ya mji. Yule aliyefagia mitaa, aliyebeba magunia stesheni na aliyelala nyuma ya duka la tajiri wake, huyo mji haukumhesabu ila alipovunja sheria zake.

Huku Trans Nzoia Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi, kwa hiyo hakuweza hata kuanza kuukaribia mlango huo. Aliishi kwenye shamba la Mzungu kama skwota, anapewa mahali pa kulima na kulisha mifugo kwa sharti la kufanya kazi siku kadhaa kwa mwaka. Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1937, ambayo ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuamua skwota awe na mifugo mingapi, alime eka ngapi, na afanye kazi siku ngapi. Hebu fikiri, msomaji. Baraza la mahali, ambalo kazi yake ilipaswa kuwa barabara na maji, linakaa kuhesabu ng'ombe wa mtu ambaye hana kura ndani yake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa watu hao. Aliingia Trans Nzoia akiwa kijana, akaweka ng'ombe wake kwenye shamba moja la mlowezi karibu na mlima Elgon. Miaka ikapita, idadi iliyoruhusiwa ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Mwishowe alirudi Kimilili kwa miguu na ng'ombe wawili na kamba za wale wengine. Zile kamba alizitundika ukutani, na mimi nilizikuta pale nilipozaliwa. Hatukuthubutu kuzichezea.

CAPE TOWN

Muliro alisoma katika shule za Wakatoliki za magharibi ya Kenya na za Uganda. Mwaka wa 1949 alikwenda Afrika Kusini kusoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Alifika kule mwaka mmoja tu baada ya chama cha Makaburu kushika serikali na kuanza ubaguzi wa rangi kama sera ya taifa. Mwaka wa 1950, akiwa bado anasoma, ikatungwa sheria ya kugawa mitaa kwa rangi, mahali pa Weupe, mahali pa Machotara, mahali pa Wahindi. Mji ulikatwa vipande kama keki.

Kwa kijana wa Kimilili aliyeijua Trans Nzoia, hilo halikuwa jambo la kushangaza sana. Lilikuwa jambo lile lile, ila sasa limeandikwa kwa herufi kubwa. Kule alisoma historia, falsafa ya siasa na ualimu, na akajiunga na wale waliopinga ubaguzi. Alirudi nyumbani mwaka wa 1954 akiwa na shahada, mke wa Afrika Kusini, na akili iliyokwisha kuona mwisho wa barabara ambayo Kenya ya walowezi ilikuwa inaifuata.

Alifundisha katika shule ya wasichana ya Alliance, kisha chuo cha ualimu cha Siriba kule Maseno. Mwalimu aliyetoka chuo kikuu wakati ule alikuwa mtu mkubwa. Angeweza kukaa na chaki yake, akajenga nyumba ya mabati, akaheshimiwa. Lakini mwaka wa 1957 aliingia siasa.

KURA TATU KWA MTU MMOJA

Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika wa Kenya kuwapigia kura wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Lakini haukuwa uchaguzi kama tuujuavyo leo. Ulihitaji sifa za elimu, mapato, mali, umri au utumishi, na mwenye sifa nyingi alipata kura mbili au hata tatu. Walichaguliwa wajumbe wanane tu kwa nchi nzima. Muliro alisimama Nyanza Kaskazini na akamshinda W. W. W. Awori, mwanasiasa mzoefu aliyekwisha kukaa katika Baraza hilo. Wenzake katika wale wanane walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda.

Wanane hao walikwenda pamoja kwa muda, wakikataa katiba zilizowapa Waafrika viti vichache. Lakini kadiri uhuru ulivyokaribia, swali jipya lilianza kuwagawa. Mkoloni akiondoka, madaraka aliyoyashika yatakwenda wapi? Yatakaa yote Nairobi, au yatashuka chini mpaka Bungoma, Kitale, Kilifi na Kericho?

MAJIMBO

Juni 1960 chama cha KADU kilizaliwa, Ngala akiwa rais wake na Muliro naibu wake. Katika uchaguzi wa mwanzoni mwa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa. KADU ikaingia serikalini, na Muliro akawa waziri wa biashara, viwanda na mawasiliano. Kutoka hapo walipeleka London hoja yao ya majimbo.

Watu wengi leo hudhani majimbo yalikuwa ni ukabila tu uliovikwa koti la katiba. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mtu kama Muliro, aliyekulia chini ya chifu wa kuletwa na baraza la Disii, alikuwa na sababu ya kuogopa amri zinazotoka mbali. Rangi ya anayeziandika haikutosha kumwondolea hofu hiyo. Katika mkutano wa Lancaster House wa mwaka wa 1962 majimbo yalikubaliwa, na katiba ya 1963 ikaweka mikoa saba yenye mabaraza yake pamoja na eneo la Nairobi. Mambo ya serikali za mitaa, maana yake miji na wilaya, yakawekwa mikononi mwa majimbo.

Na hapo ndipo mwiba ulipojificha. Ukitaka kugawa nchi kwa majimbo, lazima uchore mipaka. Ukichora mipaka kwa kuwauliza watu wanataka kukaa na kabila gani, lazima kila mji uwe na mwenyewe. Basi Kitale ikawa mji wa kugombaniwa. Waluhya, Muliro akiwa mbele yao, waliidai Kitale pamoja na Trans Nzoia iingie Magharibi, kwa kuwa watu wao walikuwa wengi mjini na mashambani, na jasho lao lilikuwa katika kila mfereji. Viongozi wa Wakalenjin, waliokuwa ndani ya KADU hiyo hiyo, waliidai iingie Bonde la Ufa, kwa kuwa nchi ile ilikuwa malisho ya watu wao kabla Wazungu hawajafika. Wakati huo huo Wasabaot wa mlima Elgon walilalamika kuwekwa Magharibi, wakitaka kwenda Bonde la Ufa.

Ukweli ni kwamba kila upande ulikuwa na haki yake. Mwishowe Trans Nzoia ilibaki Bonde la Ufa, mlima Elgon upande wa Bungoma ukabaki Magharibi, na Kakamega ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Muliro alishindwa katika jambo hilo. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kosa la wakati ule halikuwa la mtu mmoja. Wote waliuliza Kitale ni ya nani. Hakuna aliyekaa chini akauliza namna gani wote wanaoishi Kitale wataitawala pamoja.

MGENI APEWA JEMBE

Alichofanya Muliro baadaye ndicho kinachonifanya nimheshimu. Alivuka mpaka. Alifanya makao yake Trans Nzoia, na watu wa kule wakamchagua kuwa mbunge wao, wa Kitale Mashariki. Walowezi walipokuwa wakiuza mashamba na kuondoka, aliwahimiza watu wasingoje kugawiwa. Waungane, waweke fedha pamoja, wanunue. Watu waliotoka Bungoma kama maskwota, au ambao baba zao walikuwa maskwota, walirudi Trans Nzoia wakiwa na hati za ardhi. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wamelishika jembe miaka arobaini bila kuitwa wenyeji.

Majimbo yenyewe hayakudumu. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, Desemba nchi ikawa jamhuri, na katiba ikarekebishwa kidogo kidogo mpaka mikoa ikabaki jina tu, ikiongozwa na wakuu wa mikoa waliotumwa kutoka juu.

Zilibaki halmashauri za miji na za wilaya, lakini nazo zilikuwa na siku zao. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha kazi za halmashauri za wilaya kwenda serikali kuu. Kuanzia 1970 shule za msingi, hospitali ndogo na barabara ziliondolewa mikononi mwa halmashauri kama ya Bungoma, pamoja na ile kodi ya kila mwaka iliyotozwa kwa kadiri ya mapato. Manispaa chache tu ziliachiwa kazi hizo, na Kitale ilikuwa mojawapo, pamoja na Mombasa, Nakuru, Kisumu, Eldoret na Thika, mbali na jiji la Nairobi.

Tazama basi mambo yalivyogeuka. Mtoto wa Kitale mjini alisoma shule iliyoendeshwa na madiwani aliowajua baba yake, ambao angeweza kuwakamata njiani akawauliza kwa nini darasa halina madirisha. Mtoto wa Bungoma, mwendo wa saa moja au mbili kutoka hapo, alisoma shule iliyoendeshwa kutoka Nairobi. Huko Bungoma diwani alibaki na soko, machinjio na leseni za baiskeli. Sisi tuliokuwa wadogo tulimwona diwani kama mtu wa kuhudhuria harusi.

Wakati sheria hiyo inaanza kufanya kazi, Muliro alikuwa amekwisha kuingia tena katika baraza la mawaziri, akishughulikia vyama vya ushirika. Mtu wa majimbo alikaa katika serikali iliyokuwa ikiyakusanya madaraka yote juu. Sitamtetea kwa hilo. Ila naona kwamba katika ushirika alipata njia nyingine ya kazi ile ile, maana chama cha ushirika cha wakulima ni baraza dogo. Wanachama huchagua kamati, huuliza hesabu, na hufukuza mwizi, kama wana moyo.

KITI NA KURA

Machi 1975 J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza, na ripoti yake ilipoletwa, serikali haikutaka ikubaliwe. Muliro alikuwa waziri. Alipiga kura pamoja na wale walioikubali ripoti, na akafukuzwa kazi pamoja na manaibu mawaziri wawili, John Keen na Peter Kibisu. Alijua gari, walinzi na mshahara vitaondoka. Alirudi Trans Nzoia akiwa mbunge wa kawaida na mkulima.

Nakumbuka jinsi habari hizo zilivyopokewa kwetu. Baba yangu alikuwa akisikiliza redio ya betri, akaizima, akakaa kimya. Kisha akaenda kuzitazama zile kamba za babu ukutani. Sikuelewa wakati ule. Leo nadhani alikuwa akipima ni watu wangapi wanaoweza kuacha kitu walicho nacho mkononi.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka wa 1991, akiwa na umri wa karibu miaka sabini, Muliro alikuwa mmoja wa wazee sita walioanzisha FORD, pamoja na Oginga Odinga, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz. Walidai vyama vingi virudi. Walitishwa na kukamatwa, lakini Desemba mwaka huo Bunge liliondoa kile kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu.

Lakini mwaka huo huo neno majimbo lilirudi, na halikurudi kwa njia njema. Wanasiasa fulani wa Bonde la Ufa walilitumia katika mikutano yao kuwaambia watu wasiokuwa wa makabila fulani wafungashe virago warudi kwao. Kufikia mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992 moto uliwaka Trans Nzoia na mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu walikimbilia Kitale na Bungoma wakalala makanisani na sokoni. Kati yao walikuwamo wale walionunua mashamba kwa fedha zao. Walikuwa na hati mifukoni lakini hawakuwa na paa.

Mimi nilikuwa Kitale miezi hiyo. Niliona gari la ng'ombe likipakiwa vitanda, kuku na mashine ya cherehani, na mzee mmoja ameketi juu, ameelekea Bungoma, mahali ambapo hakuwa na hata kiwanja. Nilimkumbuka babu yangu na kamba zake. Neno lililokusudiwa kumpa mtu sauti mahali anapoishi lilikuwa limegeuzwa panga la kumfukuza hapo hapo. Muliro, mzee wa majimbo ya kwanza, alikuwa upande wa waliofukuzwa.

Tarehe 14 Agosti 1992 alirejea kutoka London, akaanguka na kufariki pale pale katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Kabla ya uchaguzi wa Desemba chama chake kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na wengi walisema kwamba mpatanishi alikuwa ameondoka. Alizikwa nyumbani kwake Sibanga, Trans Nzoia, upande ule wa mpaka ambao miaka thelathini nyuma ulikataliwa kuwa wake.

TULICHONACHO LEO

Mwaka wa 2010 Wakenya walipitisha katiba mpya, na Machi 2013 serikali za kaunti zikaanza. Bungoma ni kaunti, Trans Nzoia ni kaunti, na Kitale ni makao makuu yake. Magavana na wawakilishi wa wodi huchaguliwa na watu wanaoishi pale, na katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hakuna tena haja ya kugombana kama Kitale ni ya Magharibi au ya Bonde la Ufa. Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Wakikuyu, Waturkana na wengine wanapanga foleni moja ya kura.

Lakini kuna jambo moja ambalo Muliro angeliuliza, naamini. Siku zile zile halmashauri zote za zamani, 175 kwa jumla, zilifutwa. Kitale haina tena meya wala madiwani wa mji. Manispaa zinaendeshwa na bodi chini ya kaunti, na mkazi wa mji hapigi kura ya kumchagua diwani wa manispaa. Kwa hiyo mama anayeuza mboga sokoni anampigia kura gavana na mwakilishi wa wodi, lakini mfereji wa taka mbele ya kibanda chake uko mikononi mwa watu ambao yeye hakuwachagua. Madaraka yameshuka kutoka Nairobi mpaka Kitale, na hiyo ni hatua kubwa. Bado hayajafika sokoni.

Nilipita Kanduyi juzi, pale kwenye uwanja wa michezo unaoitwa kwa jina lake. Kakamega kuna bustani na chuo kikuu vyenye jina hilo hilo, chuo kilichofikia hadhi hiyo mwaka wa 2007. Ni heshima njema. Lakini mimi nikitaka kumkumbuka Muliro napanda matatu ya Kitale, na tukivuka pale kati ya Kamukuywa na Kiminini nageuza kichwa nitazame mpaka. Zile kamba za babu ninazo mpaka leo, nimezitundika nyumbani kwangu Kitale.